Meneja, mashine tano na deni la kaunti: kisa kimoja cha biashara ya vifaa tiba Nairobi

Kisa hiki ni cha mwanamke aliyeanza kazi na bisibisi mkononi, akapanda hadi kuongoza ofisi ya Afrika Mashariki ya kampuni ya vifaa tiba, kisha akaondolewa kwenye kiti hicho kwa sababu ya deni la kituo kimoja cha dialisisi, yaani kusafisha damu ya mgonjwa wa figo kwa mashine. Nimekiandika kwa ajili ya wanaoingia kwenye biashara hii kupitia mlango wa mauzo. Ndio wengi siku hizi, na ndio wanaofundishwa kidogo zaidi kuhusu kinachofuata mashine ikishafungwa. Majina, kaunti na mtengenezaji nimeviondoa, na kiasi cha pesa cha kampuni nimekikadiria tu. Mhusika amesoma maelezo haya na hakukubaliana na kila nilichoandika kwenye sehemu ya uchambuzi. Nitamwita Meneja, hata kwa miaka ambayo hakuwa meneja wa chochote.

Usuli

Alipata stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaajiriwa na hospitali ya kibinafsi jijini. Kazi ilikuwa ya karakana: mitambo ya kutakasia vyombo vya upasuaji, vitanda vya umeme, mashine za kufyonza makohozi, na rafu nzima ya vifaa vya msaada ambavyo havikuwahi kuwaka hata siku moja. Rafu kama hiyo ipo karibu kila mahali. Utafiti uliochapishwa 2011, uliopitia vifaa zaidi ya 100,000 katika nchi 16 zinazoendelea, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Mara nyingi kifaa chenyewe hakina ubovu mkubwa. Fyuzi imeungua, kipuri hakipatikani, au aliyefunzwa kukitumia amehamishwa.

Kutoka hapo alihamia kwa msambazaji mmoja wa vifaa tiba kando ya Barabara ya Mombasa, kwanza kama fundi wa matengenezo, baadaye mkufunzi wa watumiaji, mwisho muuzaji. Alikuwa muuzaji mzuri kwa sababu ambayo wakubwa wake hawakuipenda: alikuwa akiwaambia madaktari mashine isiyowafaa. Walirudi kwake.

Mabadiliko mawili ya kitaifa yaliipa kazi yake sura mpya. La kwanza ni ugatuzi wa 2013, ulioipeleka huduma ya afya kwenye kaunti. Mteja aliyekuwa mmoja, Wizara ya Afya, akawa wateja 47, kila mmoja na gavana wake, bajeti yake na ofisi yake ya ununuzi. La pili ni mradi wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza 2015, ambapo serikali kuu iliingia mikataba ya miaka saba na kampuni kubwa za kimataifa kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti pamoja na chache za kitaifa. Kampuni ya Meneja haikuwemo. Katika hospitali kubwa za umma, soko la eksirei, vyumba vya upasuaji na wodi za wagonjwa mahututi lilifungwa mbele ya macho yao.

Pendekezo lake kwa makao makuu, yaliyoko Ulaya, lilikuwa kuziacha hospitali hizo na kwenda kwa zilizoachwa nje ya orodha, na kwenda na dialisisi. Hesabu yake ilieleweka. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kila kipindi cha dialisisi, vipindi viwili kwa wiki, kwa hiyo mgonjwa asiye na uwezo alikuwa na mlipaji. Na dialisisi haiuzwi mara moja. Kila kipindi kinakula chujio, mirija ya damu, sindano mbili za fistula (mshipa wa mkononi uliotayarishwa kwa dialisisi) na dawa za kuchanganya na maji. Mashine huwekwa hospitalini bila malipo na kubaki mali ya kampuni. Hospitali nayo inajifunga kununua vifaa hivyo vya kila siku kutoka kwa kampuni hiyo tu. Faida inatoka kwenye chujio.

Makao makuu yalikubali. 2018 akapandishwa kuwa meneja mkuu wa Afrika Mashariki, na mkataba wa kwanza mkubwa aliousaini ndio uliozaa kisa hiki.

Kilichotokea

Mteja alikuwa hospitali ya kaunti, saa chache kwa gari kutoka Nairobi. Gavana alikuwa ameingia madarakani baada ya uchaguzi wa Agosti 2017 na alitaka kituo kifunguliwe haraka. Mkataba ulikuwa wa mashine tano na mtambo wa kusafisha maji.

Tarehe ya kukata utepe iliahirishwa mara mbili, na aliyeiahirisha ni Meneja. Kipindi kimoja cha saa nne kinapitisha takriban lita 120 za maji upande wa pili wa utando mwembamba unaogusa damu ya mgonjwa. Klorini au kloramini, dawa za kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, ikibaki kwenye maji hayo, chembe nyekundu za damu zinapasuka. Vipimo vya kwanza vya maji vya hospitali hiyo vilikuwa vibaya, naye akakataa kuwasha mashine hadi tangi la kaboni libadilishwe na vipimo vya maabara ya Nairobi virudi safi. Waziri wa afya wa kaunti alimpigia simu akiwa amekasirika, kisha mkubwa wake kutoka Ulaya akampigia akiwa amekasirika zaidi, maana mauzo ya robo mwaka yalikuwa yakisubiri tarehe hiyo. Hakubadilisha msimamo. Katika miaka yote ya kituo hicho hakuna mgonjwa aliyedhurika kwa maji.

Kituo kilipofunguliwa kilijaa upesi. Mashine tano kwa zamu mbili, siku sita kwa wiki, ni vipindi 60, yaani wagonjwa 30. Kwa malipo ya NHIF ni shilingi 570,000 kila wiki zikiingia kwa jina la hospitali, na zaidi ya nusu yake ndiyo iliyopaswa kufika kwa kampuni.

Haikufika. Miezi ya mwanzo ililipwa, kisha malipo yakaanza kuchelewa, kisha yakakatika. Msimamizi wa hospitali alikuwa mtu mwaminifu na alieleza bila kuficha: pesa za NHIF zikiingia, zilifagiliwa kwenda kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti, ambao umewekwa na kifungu cha 207 cha Katiba. Kutoka huko zilirudi kwa mgao wa bajeti, zikija, na zikirudi zilikuwa zimechanganyika na barabara, mishahara na basari. Kituo kilichokuwa kikitengeneza pesa za kutosha kujilipia hakikuwa na ruhusa ya kuzigusa. Baadhi ya kaunti zilikuwa na sheria zao za kuziachia hospitali mapato yao. Hii haikuwa nayo.

Tatizo hilo halikujitokeza ghafla. Lilikuwepo siku mkataba unasainiwa, na lingeonekana kwa swali moja kwa mhasibu wa hospitali.

Sasa ije simu ya Ijumaa. Muuguzi mkuu wa kituo alimjua Meneja tangu siku zake za ufundi na hakuwahi kuacha kumwita kwa cheo hicho. Simu ilikuja jioni (LPO ni hati rasmi ya agizo la ununuzi):

"Injinia, kesho nina watu kumi na machujio manne. LPO haijatoka, afisa wa ununuzi yuko semina Naivasha."

"Sista, bila LPO stoo hawanifungulii."

"Basi niambie nimrudishe nani nyumbani."

Pikapu iliondoka Nairobi saa tatu usiku. Sista alitia sahihi kwenye hati ya kupokelea mizigo, akapiga muhuri wa wodi, na Jumatatu kila mtu akaahidi kwamba LPO ingetolewa kwa tarehe ya nyuma. Ilitolewa mara ya kwanza. Jambo hilo likawa desturi, na baadaye hakuna aliyekumbuka ipi ilitolewa na ipi haikutolewa.

Kufikia katikati ya 2022 deni lilikuwa limekaribia shilingi milioni 40. Katika kipindi hichohicho ofisa mmoja wa hazina ya kaunti alimwambia kwamba faili lake "limelala" na lilihitaji kuamshwa. Alikataa kutoa kitu kidogo, na sababu aliyonipa ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kimaadili: Sheria ya Hongo ya 2016 inaidai kampuni iwe na taratibu za kuzuia hongo, na meneja mkuu ndiye anayeulizwa zikikosekana. Faili liliendelea kulala.

Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 2022. Gavana akabadilika, na kama ilivyotokea katika kaunti nyingi, yule mpya akaunda kamati ya kukagua madeni aliyoyarithi. Kamati ilitaka karatasi tatu kwa kila ankara: LPO, hati ya kupokelea mizigo, na cheti cha Kamati ya Ukaguzi na Upokeaji kinachotakiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Mizigo ya Ijumaa usiku ilikuwa na karatasi moja, yenye sahihi ya muuguzi. Karibu robo ya deni ilikataliwa. Machujio yalikuwa yametumika kwa wagonjwa wanaojulikana kwa majina, na kumbukumbu za NHIF zilionyesha kila kipindi, lakini kamati haikuundwa kusoma kumbukumbu za NHIF.

Shilingi nayo ilikuwa ikiteleza. Hapa inafaa kufanya hesabu, kwa sababu wauzaji wengi huiruka. Chukua vifaa vilivyonunuliwa kwa dola 10,000 mwishoni mwa 2021, dola ikiwa karibu shilingi 112. Gharama ni shilingi milioni 1.12. Viuze kwa milioni 1.4 na vitabu vinaonyesha faida nono. Lipwa Januari 2024, dola ikiwa karibu 160, na hiyo milioni 1.4 inanunua dola 8,750. Mtengenezaji bado anadai 10,000. Kampuni imepata hasara kwenye mauzo ambayo yalishalipiwa kamisheni miaka miwili nyuma.

Uamuzi na sababu zake

Mwishoni mwa 2022 makao makuu yalitoa amri fupi: simamisha kila kitu hadi deni lilipwe. Wakili wa kampuni alishauri kesi. Meneja alizikataa njia zote mbili.

Kesi aliiona kuwa mlima mrefu wenye kilele kitupu. Ukiishinda serikali mahakamani Kenya, mali yake haikamatwi na madalali. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali hairuhusu. Unabaki kuomba amri ya kumlazimisha ofisa alipe, na ofisa anajibu kwamba hakuna mgao.

Kusimamisha kila kitu ilikuwa mbaya zaidi. Mgonjwa wa figo aliyezoea vipindi viwili kwa wiki hawezi kungoja kikao cha bajeti. Alisema pia, na hapa alikuwa mkweli, kwamba kampuni ikionekana imewafungia wagonjwa ingepoteza hospitali nyingine zote.

Alichofanya ni hiki. Mashine zilikuwa mali ya kampuni; kifungu hicho kwenye mkataba kilikuwa kimeandikwa vizuri, tena na yeye mwenyewe. Alitoa notisi ya siku 30, akaondoa mbili kati ya tano na kuzipeleka kwenye hospitali ya misheni katika kaunti ileile, ambayo ilipokea malipo ya NHIF kwenye akaunti yake na kulipa wasambazaji wake. Tatu zilizobaki zilihudumiwa kwa vipindi 36 kwa wiki, mzigo ukitoka Nairobi pale tu LPO ilipokuwa mezani. Matengenezo ya mashine na mtambo wa maji aliyaendeleza bila kujali deni. Wagonjwa 12 waliulizwa kama wangehamia misheni.

Baada ya hapo aliandika barua kwa makao makuu akipendekeza sehemu iliyokataliwa ifutwe vitabuni na iliyobaki ihesabiwe kuwa deni la mashaka.

Matokeo

Siku lori lilipokuja kubeba mashine mbili, mjumbe wa bunge la kaunti alikuwa langoni na simu yake ikirekodi. Redio ya eneo hilo ilitangaza kwamba kampuni ya Nairobi imewapora wagonjwa. Halikuwa na ukweli kisheria, lakini lilienea.

Wagonjwa kumi walifika misheni. Nauli ya boda na matatu, kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki, ilikuwa juu yao. Wawili hawakuonekana tena katika kituo chochote ambacho kampuni ilikuwa ikikihudumia. Hakuna aliyewafuatilia, si hospitali, si kampuni.

Kituo cha misheni kililipa vizuri kwa muda. Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, NHIF ilifungwa ikiwa bado inadaiwa na hospitali mabilioni ya shilingi, na misheni nayo ikaanza kuomba muda.

Makao makuu yaliipokea barua ya Meneja vibaya. Katikati ya 2023 aliondolewa na kupewa cheo cha "mshauri mwandamizi" kisicho na bajeti wala wafanyakazi. Alijiuzulu kabla ya mwaka kuisha. Mrithi wake alilipwa sehemu iliyokubaliwa na kamati, kwa mafungu, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ripoti kama aliyeokoa deni. Meneja sasa anaendesha kampuni ndogo ya kutengeneza mashine za dialisisi na mitambo ya maji, kwa wateja wanaolipa kabla ya fundi kuondoka karakanani.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Ufundi wake ndio uliolinda kila kitu kilicholindwa. Muuzaji asiyejua kloramini ni nini angewasha mashine kwa tarehe ya gavana. Ndiyo sababu sikubaliani na mtindo wa sasa wa kampuni nyingi jijini wa kuajiri mameneja kutoka benki na simu za mkononi kwa madai kwamba "mauzo ni mauzo". Bima inauzwa hivyo. Maji yanayogusa damu hayauzwi hivyo.

Kutenganisha matengenezo na deni kulikuwa uamuzi sahihi na mgumu kuutetea kwenye mkutano wa wahasibu. Wengi hutumia fundi kama fimbo: usipolipa, haji. Lakini mashine isiyotunzwa inaharibika, na katika mkataba wa aina hii mashine ni ya kampuni. Kunyima matengenezo ni kujichomea ghala.

Kifungu cha umiliki kilimpa nafasi ya kusogea bila kwenda mahakamani. Kama kungekuwa na somo moja tu la kuandikwa ubaoni kwa wanafunzi wangu, ningeanzia hapo kabla ya bei.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Mkataba uliangalia kama pesa zipo, haukuangalia zinapita wapi. Hili ndilo kosa kuu, na mengine yamezaliwa nalo. Meneja aliniambia kwamba 2018 hakuna mshindani wake aliyekuwa akiuliza swali hilo. Huenda ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekaa miaka mitano na kaunti 47 na alishaona mgao ukichelewa. Kuna sababu ya karibu zaidi: kamisheni ya timu yake, na marupurupu yake mwenyewe, yalihesabiwa siku mashine inapofungwa. Kampuni ilimlipa kwa kufunga mashine na ikamwondoa kwenye kiti kwa kutolipwa. Makao makuu hayajawahi kulikubali hilo, na kwa upande huu namtetea. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, inayoruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao, ilikuja baada ya yeye kuondolewa. Anayesaini leo hana kisingizio cha kutokuuliza kama kaunti inaitekeleza.

Mizigo ya Ijumaa ni jambo gumu zaidi. Sitasema alipaswa kuwaacha wagonjwa kumi bila machujio, na anayesema hivyo hajawahi kupokea simu ya namna ile. Kosa lilikuwa Jumatatu. Kampuni yenye stoo, mhasibu na wakili ilishindwa kuweka utaratibu wa mzigo wa dharura: barua moja ya makubaliano na hospitali inayotaja kiasi, muda wa LPO kufuata, na ofisa wa kutia sahihi asiyekuwa muuguzi. Sista aliachwa na sahihi yake peke yake mbele ya kamati ya kaunti, akahojiwa kama aliyekuwa akipokea mali kiholela. Meneja hakulitaja hilo hadi nilipouliza.

Kuhusu barua ya kufuta deni, yeye anaamini alisalitiwa kwa kusema ukweli. Mimi naona alisema ukweli ukiwa umechacha. Dalili zilikuwepo tangu malipo yakatike. Ripoti zake za 2020 na 2021 zilitaja "ucheleweshaji wa kawaida wa mgao". Bodi iliyosoma maneno hayo miaka miwili kisha ikapokea barua ya kufuta mamilioni haikuwa na namna ya kujua kwamba aliyeandika yote mawili ni mtu mwangalifu. Tulibishana juu ya hili kwa muda mrefu, na hakusogea.

Kisha wale wawili. Mpango wa kuhamisha mashine ulikuwa na ukurasa wa usafiri wa mashine, bima ya mashine na vipimo vya maji kule misheni. Usafiri wa wagonjwa haukuwemo. Nauli ya mwaka mzima kwa watu 12 ingekuwa kitu kidogo mbele ya deni lililokuwa likifutwa, na hata daftari la kuwapigia simu kila wiki lingetosha kujua nani hakufika. Mkataba anaoutumia sasa katika kampuni yake ni mzuri kuliko ule wa 2018: unataka namba ya akaunti inayopokea malipo ya bima, jina la anayeidhinisha, na bei inayofuata dola. Nilimuuliza kama una kifungu kuhusu wagonjwa iwapo mashine zitaondolewa. Alisema wakili wake bado anautazama.